Malaria ya Pap Onditi Niliyoilea kwa Mshumaa

Nimesikia siku hizi mashine inalisha seli yenyewe. Inabadilisha maji, inapima joto, inaandika ripoti, na nyinyi vijana mnabonyeza kitufe halafu mnaenda kunywa chai. Vizuri. Kunyweni. Lakini kabla kikombe hakijaisha, nisikilizeni kidogo mimi niliyeachishwa kazi na mashine ambayo kazi yake nilikuwa naifanya mimi.

Maabara yenyewe siitaji kwa jina. Jengo halikunikosea, wala ile mashine maskini. Walionikosea ni watu, na wa kwanza ni Bwana Japheth Oduor, msimamizi wetu, ambaye namwandika jina lote kwa sababu yeye pia hakuwahi kulisahau langu alipotafuta wa kulaumiwa.

Mimi niliishia darasa la saba. Niliingia pale Kisumu miaka ya themanini ikianza, kuosha chupa. Niliosha miaka miwili bila kujua naosha nini. Kulikuwa na mama mmoja fundi wa maabara, Mama Zuhura, mtu wa Kaloleni hapa hapa mjini, babu yake alitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata sisi Wajaluo tulikuwa tunanyamaza kwanza kabla ya kumjibu, tupange maneno. Siku moja nikamwuliza.

"Mama, hizi chupa zilikuwa na nini?"

"Malaria."

Nikaiweka chini ile niliyokuwa nimeshika.

"Usiogope," akasema. "Kama huna kidonda mkononi, haina mlango. Njoo uone."

Akaniweka kwenye hadubini. Nikaona chembe za damu zimepangana kama sahani, na ndani ya chache, pete ndogo, kila pete na kito chake. Nikasema hizi ni nzuri. Akasema, "Nzuri, lakini wiki jana zilimlaza mtu Russia." Russia ndiyo tuliita ile hospitali kubwa. Hapo ndipo nilianza kazi yangu ya kweli, ingawa kwenye karatasi niliendelea kuwa mwosha vyombo mpaka mwisho. Hilo pia la Bwana Oduor.

Kazi yetu ilikuwa kufuga malaria. Msicheke. Ukitaka kujua dawa gani inaua malaria ya huku kwetu, lazima uwe nayo hai mbele yako, uijaribie. Unaweka damu ya mtu asiye mgonjwa kwenye kisahani, ndani yake vimelea, na juu yake chakula chao, maji ya rangi ya chungwa tuliyoita midia. Kila siku unainamisha kisahani, unanyonya midia ya jana polepole bila kugusa damu iliyolala chini, kisha unaweka mpya. Midia ikigeuka njano, umechelewa, wana njaa. Jumapili wanakula. Krismasi wanakula. Siku ya uchaguzi wanakula.

Na hewa yetu hii hawaitaki. Kwa hivyo tulikuwa na jagi kubwa la kioo, lina kifuniko kizito na koki ndogo juu. Sisi tuliliita chungu. Unapanga visahani ndani, unawasha mshumaa katikati, unapaka mafuta ukingoni, unafunika, koki ikiwa wazi. Mshumaa unakula hewa mpaka unazimika wenyewe. Hapo hapo, funga koki. Ukiwahi, hewa imebaki nyingi. Ukichelewa, ya nje imeingia. Mama Zuhura alifunga bila hata kuangalia, huku anaandika kitu kingine. Mimi ilinichukua mwaka mzima nikiukodolea macho ule moto kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Mshumaa mweupe. Usionukia. Sio mwekundu wa Krismasi, sio ule wa dukani wenye harufu ya maua. Andikeni hapo, hata kama hamtautumia.

Makosa nilifanya. La kwanza, nilikuwa naimba nikiwalisha. Mimi ni wa kwaya, sauti ya nne, na kazi ya mikono bila wimbo kwangu haiendi. Baada ya siku nne Mama Zuhura akainua kisahani kwenye mwanga. Ndani kumeota manyoya meupe, ukungu mtupu uliotoka kinywani mwangu.

"Umewaimbia mpaka wameota ndevu," akasema. "Sasa kawazike, ndiyo kazi ya kwaya."

Tangu siku hiyo nafunga mdomo mbele ya kitu chochote kilicho wazi, hata sufuria ya mke wangu. Ananiuliza kama nimekasirika.

Nyumbani hawakuielewa kazi hii hata siku moja. Damu tuliyotumia ilikuwa ya kundi O, na mimi ni O, kwa hivyo kila baada ya miezi kadhaa nilikuwa natoa yangu. Mama yangu alipojua, alikaa chini.

"Wenzako wanafuga ng'ombe. Wewe unafuga ugonjwa?"

"Ni kazi, Mama."

"Na unaulisha damu yako mwenyewe. Mimi nilikulipia shule ili uje unyonyeshe malaria?"

Habari ikafika kazini, sijui ilipitia wapi, wakaanza kuniita Jakwath, yaani mchunga ng'ombe. "Jakwath, mifugo wamelala vipi?" Nikazoea. Mjomba wangu alipofariki, nikiwa matangani siku ya pili, niliaga wazee kwamba narudi mjini.

"Nani mgonjwa huko?" wakauliza.

"Hakuna mgonjwa. Ni malaria, haijala tangu jana."

Wakaangaliana. Mzee mmoja akasema niachwe niende, huzuni humfanya kila mtu kivyake.

Sasa nije kwa ile malaria yenyewe.

Tulikuwa na daktari wa utafiti, Daktari Anyango, mtu mzuri sana ila alikulia Nairobi na Kijaluo chake kilikuwa kinavunjika katikati ya sentensi. Siku moja akasikia kijijini Pap Onditi kuna mtoto, msichana wa miaka minane hivi, Achieng, amepewa dawa ya malaria mara tatu na homa inarudi. Malaria kama hiyo, iliyoishinda dawa, ndiyo alikuwa anaitafuta. Akanichukua nibebe sanduku na nimsaidie kuongea.

Nyanya ya mtoto alituangalia tangu tulipoingia boma mpaka tulipokaa. Achieng alitolewa damu, kijiko kimoja tu, akapiga kelele za ndoo nzima. Tulipomaliza, nyanya akaniuliza mimi, sio daktari.

"Mnaipeleka wapi?"

"Kisumu, Dani," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya. "Tuijaribie dawa, tujue ipi inafaa."

"Halafu mkimaliza mnamwaga."

"Hatumwagi."

"Nani hamwagi? Yeye?" Akamnyooshea Daktari kidevu. "Au wewe?"

"Mimi."

"Basi nimekushika wewe. Damu ya mjukuu wangu isimwagwe kama maji ya vyombo. Na urudi uniambie imefanya nini. Unarudi lini?"

Nikasema wiki mbili. Watu wa maabara ndivyo tulivyosema tukitaka kuondoka mahali.

Achieng alipewa dawa nyingine akapona, Mungu asifiwe, na hiyo ilimaanisha malaria yake imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye chungu changu. Daktari alikuwa amenieleza vizuri: hii ikifa, hatuipati tena, na zile dawa tunazozipima juu yake zinabaki nusu njia. Nyinyi mtaniambia, mbona hamkugandisha? Tuligandisha. Tulikuwa na tangi la naitrojeni la kuhifadhi vitu kama hivyo kwa baridi kali, na naitrojeni ilichukuliwa Nairobi kwa gari. Tangi lilikauka wiki ambayo Bwana Oduor alichukua hilo gari kubeba mabati ya nyumba yake Bondo. Nyumba ni nzuri. Nimeiona. Kila nikipita naliangalia lile paa nasema, pale juu ndipo akiba yetu ilipo.

Na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kutaka kuimaliza. Siku moja damu ilitupungukia, naye akajitokeza mbele ya wageni, akakunja mkono wa shati, akasema kiongozi hutangulia. Akatoa damu, akapigwa picha. Nikawalisha nayo chungu kizima. Kesho yake pete zote zimekunjamana kama nzi waliokauka dirishani. Mama Zuhura akamfuata ofisini.

"Bwana Oduor, umemeza dawa ya malaria?"

"Kidogo tu. Juzi. Unajua hapa kazini mtu anaweza kuambukizwa."

"Umewalisha sumu."

"Sasa mimi ningejuaje kwamba inabaki kwenye damu?"

"Ulidhani inakwenda wapi, kwenye viatu?"

Ya Pap Onditi ilipona kwa sababu nilikuwa nimeigawa vyungu viwili. Huo ulikuwa mtindo wa Mama Zuhura, vyungu viwili kila wakati, na kila kimoja damu ya mtu tofauti. Ripoti iliandika kwamba mwosha vyombo hakusafisha visahani vizuri.

Miaka ya tisini ikaingia, Mama Zuhura akastaafu, Daktari Anyango akaenda ng'ambo kusoma zaidi. Akawa anasoma ripoti zetu akiwa huko. Ripoti ziliandikwa na nani, mnajua.

Ndipo mashine ikaja. Ilikuwa meza ya chuma yenye chupa bapa nane juu yake, mipira inaingia na kutoka, na saa pembeni. Mara mbili kwa siku meza inainama yenyewe. Kwanza inanyonya midia ya zamani, kisha inanyanyuka, inamimina mpya. Ilifanya yale yale niliyofanya mimi, ila bila kuimba. Kwa sababu ya kuinama na kusimama tuliibatiza Shemasi. Fundi wake alitoka Nairobi, jina lake Wafula, akakaa siku mbili, akamfundisha Bwana Oduor peke yake, akarudi. Nilimwuliza Wafula mlangoni, umeme ukipotea je? Akasema, "Mzee, hii ni kompyuta." Hilo halikuwa jibu, na haikuwa kompyuta. Wafula naye aandikwe.

Bwana Oduor akaniita.

"Jakwath, mambo ya mshumaa yamekwisha. Mshumaa ni wa kanisa. Malaria zote ziingie kwenye mashine, na hivyo vyungu uvimwage, uvioshe, uvirudishe stoo. Wewe urudi kwenye sinki."

"Hata cha akiba, Bwana Oduor? Kimoja tu, mpaka tuizoee?"

"Mashine ndiyo akiba."

Nilimwaga kimoja. Cha pili, nilichukua kabati kuukuu la joto tulilokuwa tunakaushia chupa kule chumba cha kuoshea, nikalifunika mbele kwa shuka ya kukaushia, nikakiweka chungu humo. Kipimajoto chake kilikuwa kimekufa, kwa hivyo nilitegeshea thermomita ya hospitali, ile ya kuweka kwapani. Mshumaa nilitoa nyumbani. Mke wangu akawa anauliza kwa nini tunalala gizani siku ambazo stima imepotea, na mimi ndiye mtu wa mishumaa.

Sasa siku ya kuizindua. Kulikuja hema, viti, zulia, kwaya, na mgeni wa heshima kutoka Nairobi aliyetarajiwa saa tano. Mpango wa Bwana Oduor ulikuwa kwamba mgeni akiingia, Shemasi ainame mbele yake. Kwa hivyo alizima saa ya mashine ili aianzishe kwa mkono wake. Mimi nilipewa soda nipange, nje, karibu na dirisha. Aliniambia nisiingie ndani kwa sababu ya viatu vyangu.

Saa tano kasoro, mtu wa lango akasema gari linakuja. Bwana Oduor akabonyeza. Shemasi akainama, akaanza kunyonya. Kumbe ni gari la mkate. Akaizima, akairudisha mwanzo.

Saa sita simu ikasema mgeni ametoka Kericho. Saa saba mtu akasema ameonekana Ahero. Bwana Oduor akabonyeza. Shemasi akainama, akanyonya. Kumbe aliyeonekana Ahero ni dereva wake ametangulia kutafuta kinyozi. Akaizima, akairudisha mwanzo.

Mmeelewa? Mwanzo ni kunyonya. Kila akirudisha mwanzo, mashine inanyonya, na hajawahi kuiacha ifike kumimina. Nikagonga dirisha.

"Bwana Oduor, iache imalizie. Iwekee midia."

"Panga soda!"

"Zinakauka, Bwana Oduor."

"Soda?"

"Chupa!"

Akavuta pazia.

Mara ya tatu ilikuwa saa nane, kwaya iliposimama ghafla kwa kuwa mwalimu wao alisikia king'ora. Kilikuwa cha hospitali. Mara hiyo, maana midia ilishakwisha zamani, mipira ilinyonya damu yenyewe. Nilikuwa upande wa nje pale bomba linapotoka kwenda kwenye ndoo ya taka yenye dawa kali ya kuua vijidudu. Nikaona maji ya ndoo yamegeuka mekundu. Chupa zote nane. Nikasimama na kreti mkononi nikamkumbuka yule nyanya wa Pap Onditi, jinsi alivyosema "kama maji ya vyombo". Ndoo yenyewe ilikuwa yangu, ya kuoshea.

Mgeni akafika saa tisa, akiwa mtu mpole kabisa, hata akaomba radhi. Maombi yakafanywa. Shemasi akainama, akasimama, akamimina midia safi kwenye chupa tupu, watu wakapiga makofi. Halafu mgeni akafanya jambo ambalo wageni hawalifanyi. Akasema, "Naweza kuwaona hao vimelea wenyewe?"

Dakika mbili baadaye Bwana Oduor alikuwa kwenye chumba changu cha kuoshea, jasho limeshika tai.

"Ndugu yangu," akasema. Miaka kumi na zaidi, mara ya kwanza. "Ndugu yangu, una kitu?"

"Kitu gani, Bwana Oduor?"

"Unajua kitu gani."

"Si uliniambia nimwage?"

"Najua nilisema. Lakini wewe nakujua, wewe ni mkaidi."

"Hilo uliliandika kwenye ripoti ya mwaka jana kama kosa."

"Jakwath, tafadhali. Anasubiri. Anaangalia saa."

Nikamwambia mgeni ana saa nzuri, aiangalie, sisi tumemngoja tangu asubuhi. Kisha nikasema nina neno moja tu. Nitatoa, lakini useme mbele ya watu ni nani aliyeilea. Akaapa. Akaapa kwa mama yake, na mama yake namjua, ni mtu wa kanisa letu.

Nikafungua kabati, nikatoa chungu, nikapaka tone la damu kwenye kioo, nikalitia rangi, nikaosha, nikakausha kwa kupepea kwa mkono. Nikaangalia kwanza mimi. Walikuwepo, pete zao na vito vyao, wameshiba, hawana habari ya sherehe. Nyinyi mmezoea kuona vitu vikikua. Mimi siku hiyo niliangalia mara tatu kabla ya kukipeleka kile kioo.

Mgeni akainama kwenye hadubini. Nilikuwa nyuma yake na sinia ya soda, viatu na vyote.

"Maajabu," akasema. "Kwa hivyo mashine hii imewalea hawa bila mkono wa mtu?"

Nikamwangalia Bwana Oduor. Akaniangalia. Kisha akaiangalia ile Fanta.

"Bila mkono wa mtu, mheshimiwa."

Nikampa mgeni soda yake. Ilikuwa ya moto, na nilifurahi.

Kuanzia siku hiyo Bwana Oduor aliogopa pampu kuliko nyoka. Aliing'oa kabisa, akaacha meza tu iwe inainama. Chupa za Shemasi nilizijaza upya kutoka chungu changu, na kila asubuhi kabla hajafika nazilisha kwa mkono, na chungu changu kinakaa kule nyuma, na wageni wakija Shemasi anawainamia huku mipira haina kitu. Mashine haikuwa mbaya, nataka mjue hilo. Mtu mwenye akili na subira angeifanyisha kazi. Mimi mwenyewe ningejifunza kama wangenipa kile kitabu chake, hata kwa picha. Lakini kitabu kilifungiwa kwenye droo, na mimi nikafungiwa kwenye sinki, na kati yetu sisi wawili ndiyo malaria ya Pap Onditi ikaishi miaka yote hiyo. Dawa zikapimwa juu yake. Karatasi zikaandikwa. Kila moja ilishukuru mashine.

Ndipo barua zikaja za kupunguza wafanyakazi. Yangu ilisema kazi yangu sasa inafanywa na mashine, na kwamba nina siku kumi na nne. Sahihi ya chini ilikuwa ya Bwana Oduor, ameikoleza.

Sitawadanganya. Nilifikiria. Nilikuwa na mwanya mzuri: nifunge mdomo, niondoke, nihesabu siku. Bila mimi ingekuwa imekufa baada ya wiki moja, na hapo wangejua. Nilikaa chumba cha kuoshea nikilitazama lile kabati, nikasema, wacha iwe hivyo, wote walale njaa kama mimi. Nilikaa na mawazo hayo siku mbili na yalikuwa matamu, msiambiwe kwamba kisasi ni kichungu.

Siku ya tatu nilikwenda kumwaga ndoo, ile ile, nikasikia sauti ya yule nyanya: nani hamwagi? Yeye? Au wewe?

Daktari Anyango alikuwa amerudi kutoka ng'ambo mwezi huo huo, sasa yeye ndiye mkubwa wa kitengo. Nikabeba chungu kwa mikono miwili, mshumaa wake ndani, nikapita korido yote mbele ya watu, nikakiweka juu ya meza yake.

"Hii ni nini?"

"Ile ya Pap Onditi, Daktari."

"Ile iko kwenye mashine."

"Iko kwenye mashine kila baada ya mimi kuiweka."

Nikamweleza yote, kuanzia mabati mpaka Fanta. Akasema, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Daktari. Uliiuliza mashine."

Alijaribu kuifuta barua yangu, namshukuru, lakini ilikuwa imeshapita Nairobi na ikitoka huko hairudi. Siku kumi na moja zilizobaki alikuja chumba cha kuoshea kila asubuhi, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama. Aliunguza kidole mara mbili. Koki aliifunga mapema, kisha akachelewa, kisha akawahi tena.

"Utajuaje sasa hivi ndiyo sasa hivi?" akauliza.

"Usiuangalie moto. Angalia moshi. Ukiinama, funga."

Siku ya mwisho alifunga bila kuangalia, huku anaandika kitu kingine. Nikavua koti nikaenda.

Bwana Oduor yeye alihamishwa akapandishwa cheo. Nasema tu ili msitarajie mengine.

Wiki iliyofuata nilikwenda Pap Onditi. Wiki mbili zangu zilikuwa zimekuwa miaka saba. Yule nyanya alikuwa amezeeka lakini macho hayakuzeeka.

"Wewe ndiye wa damu," akasema kabla sijafika.

"Ndiyo, Dani. Haikumwagwa."

"Ulisema wiki mbili. Chai imepoa."

Nikakaa kwenye kiti cha wageni, nikawaeleza: dawa ngapi zilijaribiwa, ipi ilishindwa, ipi sasa inatumika hospitali ya kwao. Achieng alikuwa amekuwa msichana mrefu, anasikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Kwani bado iko hai?" akauliza.

"Iko. Nimeiacha kwa mtu anayejua."

"Miaka yote inakula nini?"

"Damu."

"Ya nani?"

Nikaona aibu kidogo. "Nyingi yake, yangu."

Akafikiria. Akamgeukia nyanya yake. "Dani, basi huyu ni wa nyumbani."

"Kama ni wa nyumbani," nyanya akasema, "anafanya nini kwenye kiti cha wageni? Jua linaenda. Mwonyeshe kamba ziko wapi, akafunge ng'ombe."

Nikaenda nikawafunga. Walikuwa wanne, na wote walionekana kwa macho.